Kabla Tembo Hajawa Takwimu: Nyaya za Sauti Ndani ya Ndege ya Sensa Rungwa

Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yameenea kusini mwa Mkoa wa Singida, yakiungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2013 sensa ya kutoka angani katika ikolojia ya Ruaha-Rungwa ilikadiria tembo 20,090. Mwaka uliofuata makadirio yakashuka hadi 8,272. Sensa ikarudiwa mwaka 2015, makadirio yakawa 15,836. Ubishi uliozuka juu ya ujangili, kuhama kwa tembo na ukubwa wa kosa la makadirio ulistahili kabisa. Ila kuna kipande cha kazi hii ambacho hakizungumzwi sana: nambari ya namna hiyo huanza kama sauti ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha ndege ndogo, akisema "tembo saba" huku injini inanguruma na rubani anaongea na redio.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mike Norton-Griffiths aliuweka kwenye mwongozo wake wa Counting Animals uliochapishwa Nairobi miaka ya 1970, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, imefanya nao sensa nyingi. Ndege yenye mabawa ya juu, kama Cessna 182 au 206, inafuata mistari iliyonyooka ikiwa futi 350 hivi kutoka ardhini, yaani kama mita 107. Mbele yupo rubani na mwangalizi wa mbele, nyuma wapo wawili, kila mmoja na dirisha lake. Kwenye nguzo ya bawa zimefungwa fimbo mbili, na mnyama anayeonekana kati yake ndiye anayehesabiwa. Mwangalizi wa mbele anasoma altimita ya rada na kutangaza mwanzo na mwisho wa kila kipande cha mstari. Wa nyuma wanasema wanachokiona kwenye vinasa sauti, na makundi makubwa wanayapiga picha. Baadaye sauti zinasikilizwa na kuandikwa kwenye fomu.

Sasa piga hesabu. Mistari ikiachana kwa kilomita 5, na ukanda wa kuhesabia ukiwa mita 150 kila upande, ndege inaona mita 300 kati ya 5,000, sawa na asilimia 6. Kila tembo aliyerekodiwa anawakilisha tembo wapatao 17 katika makadirio. Kundi la tembo saba likipotea ndani ya mkwaruzo wa kinasa, wamepotea zaidi ya mia moja. Ndiyo maana nasema fundi wa nyaya za sauti ni mmoja wa watu wanaohesabu tembo, hata kama jina lake haliingii kwenye ripoti.

Tazama nani anahitaji kusikia nini. Rubani lazima asikie redio ya VHF kabla ya kitu kingine chochote, na pia tahadhari za GPS au za altimita ya rada. Wote wanne wanahitaji sauti ya mwangalizi wa mbele, kwa sababu bila "anza" na "mwisho" hesabu ya nyuma haina mahali pa kukaa. Waangalizi wa nyuma, kwa upande wao, hawatakiwi kumjaza rubani masikio kwa kila swala wanayemwona, na ni afadhali wasisikilizane, kwani wa kushoto akisikia wa kulia anataja kundi baada ya kundi, jicho lake linaanza kutafuta kwa pupa. Kwa hiyo intakomu ya kawaida, ambayo huwapa wote kila kitu, haiifai kazi hii mpaka irekebishwe.

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kuunganisha nyaya moja kwa moja: redio, GPS na simu vyote kwenye jeki moja ya hedifoni. Kila amplifaya ya kutoa sauti ina ukinzani mdogo sana ndani yake, hivyo sauti ya redio badala ya kwenda hedifoni inamezwa na GPS iliyo kimya. Ukiweka rizista ya omu 150 mbele ya kila chanzo, vyanzo vikiwa vitatu na hedifoni ikiwa ya omu 150, mambo yanatulia, lakini kila chanzo kinafika masikioni kikiwa na robo tu ya volti zake. Hiyo ni pungufu ya desibeli 12. Fundi anaongeza sauti ya redio kufidia, na mkwaruzo unapanda nayo.

Dawa yake ni amplifaya ya kujumlisha. Kila chanzo kinaingia kwa rizista yake hadi kwenye makutano ambayo amplifaya inayashikilia kwenye volti sifuri muda wote. Kwa kuwa volti pale hazipandi wala kushuka, chanzo kimoja hakiwezi kurudi nyuma kuingia kwenye kingine. Ukibadilisha rizista ya GPS, redio haitetereki. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo na kinatoshea kiganjani.

Lakini kiini cha kazi yote ni kinasa, na hapo nina msimamo mkali: sauti ya mwangalizi ichukuliwe kabla haijaingia kwenye intakomu. Intakomu nyingi hufungua kipaza sauti pale tu mtu anapoanza kusema, ili kelele za injini zisipite muda wote. Kipaza hicho hufunguka kwa kuchelewa kidogo, na kinachokatwa ni mwanzo wa neno. "Nyati kumi" inafika kwenye kinasa ikiwa "ti kumi", na anayesikiliza kambini anabaki na kumi wa mnyama asiyejulikana.

Kipaza sauti cha ndege hulishwa umeme wa volti 8 hadi 16 kupitia waya uleule unaobeba sauti. Ukichomeka kinasa cha kawaida hapo moja kwa moja, unakipa umeme kisioutaka na sauti kubwa kuliko uwezo wake. Mimi huweka vitu vitatu kwa mfuatano: kapasita ya nanofaradi 47, kisha rizista ya kilo-omu 10, kisha rizista ya omu 100 kuelekea ethi, na kinasa kinachukua sauti juu ya hiyo ya mwisho. Kapasita inazuia umeme wa kulisha kipaza. Rizista mbili zinaishusha sauti hadi sehemu moja ya mia, kiwango kinachofaa tundu la maikrofoni. Na kapasita ikishirikiana na rizista kubwa inapunguza kila kilicho chini ya hezi 340 hivi. Hili la mwisho ni zawadi. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inalipuka mara 120 kwa sekunde, na propela ya mapanga matatu inapiga hewa mara 120 vilevile. Mngurumo mzito wa kabini unakaa hapo, chini kabisa ya masafa yanayobeba maneno.

Vinasa vingi vya siku hizi vina njia mbili, kushoto na kulia. Njia ya kushoto ipewe kipaza cha mwangalizi mwenyewe, safi, na ya kulia ipewe mchanganyiko wa intakomu wenye "anza", "mwisho", urefu kutoka ardhini na redio. Mnara ukiita katikati ya hesabu, wito unabaki kulia na tembo wanabaki kushoto.

Adui anayebaki ni mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Huo ni alteneta, na mara nyingi umeingia kupitia chaja: kinasa kimechomekwa kwenye tundu la umeme la ndege, sasa kina ethi mbili, moja ya chaja na moja ya waya wa sauti, na mkondo unazunguka kati yake. Chomoa chaja, tumia betri, mlio unakufa papo hapo. Kama umeme wa ndege ni wa lazima, weka transfoma ndogo ya sauti katikati. Jeki za vipaza nazo zitengwe na bodi ya ndege kwa washa za plastiki.

Kisanduku chochote cha kuchanganya sauti kijengwe ili umeme wake ukikatika, hedifoni na kipaza cha rubani virudi vyenyewe kwenye redio namba moja. Rilei moja inatosha. Na kikifungwa kwa kudumu, ni kazi ya fundi mwenye leseni na idhini chini ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.

Jaribio lifanyike ardhini injini ikiwaka, milango imefungwa. Kila mwangalizi aweke kipaza karibu kugusa mdomo, sifongo yake ikiwepo, asome orodha ya wanyama na idadi huku rubani anabonyeza kitufe na kurusha sauti kwenye VHF. Mawimbi ya redio yakipenya kwenye waya usio na wavu wa kinga, kinasa kitatoa mlio mzito kila kitufe kinapobonyezwa. Kapasita ya pikofaradi 1,000 kwenye kiingilio na kipete cha feraiti kwenye waya kwa kawaida huumaliza. Kisha injini izimwe, na mtu ambaye hakuwemo ndani ya ndege aandike alichosikia kwenye njia ya kushoto. Orodha zake zisipolingana na zilizosomwa, ndege isipande kuhesabu.