Kabla ya Kukipa Kifo Jina

Simu ikifika kituoni, kazi huanza kwa kalamu. Aliyepiga ameshasema, "Amejiua." Afisa wa zamu anayeijua kazi huandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mtu amekutwa amefariki, saa ngapi, wapi, na nani ameleta habari. Jina la kifo hicho hulisubiri.

Nchini Kenya, kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka mkuu wa kituo ampashe habari mara moja hakimu wa karibu, kisha aende ulipo mwili. Huko ataandika ripoti ya chanzo cha kifo kama kinavyoonekana, akitaja majeraha, mivunjiko, michubuko na alama nyingine, na kilichoelekea kuzisababisha.

Mpelelezi stadi husimama kwanza mlangoni. Hupiga picha chumba kizima, halafu kona kwa kona, halafu vitu vidogo vikiwa na rula pembeni. Komeo lilifungwa upande gani? Taa ilikuwa ikiwaka? Vikombe ni vingapi? Ndipo avae glavu, aukague mwili kutoka utosini hadi nyayoni, mbele kisha mgongoni, akimtajia mwenzake anayeandika. Damu iliyotuama chini ya ngozi lazima ipatane na mkao uliokutwa. Isipopatana, huenda mwili umesogezwa. Mikononi hukawia zaidi, maana aliyepambana na mtu mara nyingi hubaki na alama hapo.

Barua ikiwepo, huishika pembeni, huitia kwenye bahasha ya karatasi, huandika saa na kutia sahihi pale inapofungwa. Haisomi kwa sauti. Baadaye ataomba daftari la zamani la marehemu, mwandiko ulinganishwe.

Kwa wazazi huketi. "Pole sana, mama." Kisha hunyamaza, hata kimya kikirefuka. Familia nyingi huficha mambo kwa aibu, na anayeharakisha hapa hupoteza ushahidi ambao hakuna maabara itakayompa.

Chanzo kikitiliwa shaka, sheria inataka mwili upelekwe kwa daktari. Daktari hupima, hufungua, huchukua sampuli za damu, na kila chupa hupata lebo kabla ya nyingine kuguswa.

Faili humfikia hakimu. Chini ya kifungu cha 387 anaweza kuita mashahidi, hata kuamuru kaburi lifukuliwe. Akiona kosa la mtu anayejulikana, humwita au huagiza akamatwe. Asipoona kosa lolote, huandika hivyo, na kurasa zote zilizotangulia ndizo zinazompa haki ya kuandika.