Uzi, Kidole na Fremu ya Chuma

Rangi haimshughulishi fundi mzuri wa baiskeli. Fremu kuukuu ya chuma ikiletwa kwake pale Shirere, wadi iliyo katika eneo bunge la Lurambi mjini Kakamega, kidole chake hutangulia kupita chini ya paipu ya chini, pale inapokutana na shingo. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu kwa mbele huacha uvimbe mdogo mahali hapo. Jicho huweza kuupita, kidole huukuta.

Kisha uzi. Unafungwa kwenye mdomo wa ekseli ya nyuma, unazungushwa mbele ya shingo, unarudi hadi mdomo wa upande wa pili. Hapo anapima kutoka uzi hadi paipu ya tandiko, kushoto na kulia. Vipimo vikiachana, fremu imepinda. Kifaa cha shilingi chache kinafichua siri ya miaka mingi!

Ubora wa chuma chenyewe unajulikana tandiko likichomolewa. Paipu ya baiskeli ya mbio ya Kiingereza huwa na upana wa milimita 28.6 kwa nje. Ikipokea nguzo ya tandiko ya milimita 27.2, ukuta wake ni mwembamba mno, na huenda ni Reynolds 531, chuma cha manganizi na molibdenamu kilichotoka Birmingham mwaka 1935. Ikipokea 25.4 tu, ni paipu nene ya kawaida.

Nene si mbaya, na hapa ndipo wengi hukosea. Baiskeli nzito iitwayo Black Mamba haikuundwa kwa mashindano. Imebeba abiria, mitungi ya maziwa na magunia ya makaa katika njia za udongo ambazo fremu nyepesi isingezivumilia. Fundi mwenye haki huipima kila fremu kwa kazi yake.

Maungio nayo yanastahili macho yaliyotulia. Shaba ya manjano huyeyuka kabla ya chuma, kwa hiyo huunganisha paipu bila kuziyeyusha. Ikiwa imejaa ukingo wote bila pengo, aliyeiunda hakuwa na haraka. Na kwa sababu hiyo hiyo, paipu iliyoharibika huweza kutolewa kwa moto na nyingine kuwekwa.

Mwisho fremu inapinduliwa na kutikiswa. Unga mwekundu ukimwagika kwenye tundu la pedali, fundi huchukua msumari na kuusukuma ndani ya chuma. Ukizama, fremu inakwenda kuuzwa kwa kilo, hata kama rangi bado inang'aa.