Ukubwa au Kikomo? Uhakiki wa Maelezo Rasmi ya Kigezo cha size katika Mfumo wa Faili wa tmpfs

1.0 Utangulizi

Maelezo ya kiufundi ni matini kama matini nyingine: yana msamiati wake, mpangilio wake, na mambo yanayomwachia msomaji ayaunganishe mwenyewe. Makala haya yanahakiki matini moja fupi ya aina hiyo, yaani maelezo ya tmpfs yanayoambatana na msimbo wa kerneli ya Linux, hasa sehemu inayohusu kuweka ukubwa. Hoja inayotetewa ni kwamba maelezo hayo ni sahihi, lakini jina la kigezo na mpangilio wa taarifa humfanya msomaji aone akiba iliyotengwa mahali palipo na ukomo tu. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "ukubwa" huurithi upotoshaji huo, ilhali lugha yake ina neno linaloweza kuuondoa.

Mfumo wa tmpfs huhifadhi faili ndani ya kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuziandika moja kwa moja kwenye diski. Katika Linux uliandikwa na Christoph Rohland katika mfululizo wa toleo la 2.4 la kerneli, ulioanza mwaka 2001. Jina na wazo vilikuwapo kabla ya hapo katika mifumo ya Sun Microsystems. Leo hutumika kwa kawaida kwenye saraka za /dev/shm na /run. Fedora, kuanzia toleo la 18, na Debian, kuanzia toleo la 13, huutumia pia kwenye /tmp kama chaguo-msingi. Kwa hiyo namba inayowekwa kwenye kigezo hiki humgusa hata mtumiaji ambaye hajawahi kulisikia jina la tmpfs.

2.0 Matini inavyosema

Ubora wa kwanza wa matini hii ni ufupi wake. Inataja vigezo vitatu vya kupima tmpfs: size, unaohesabu baiti, nr_blocks, unaohesabu kurasa za kumbukumbu, na nr_inodes, unaohesabu inodi, ambazo kila faili huhitaji moja. Inaeleza kuwa namba huweza kufuatwa na herufi k, m au g, na kwamba size hupokea pia asilimia ya kumbukumbu halisi ya mashine. Inaeleza kuwa asipochagua msimamizi, kikomo huwa nusu ya kumbukumbu hiyo, bila kuhesabu swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea kurasa zinazoondolewa kwenye kumbukumbu. Inaongeza kuwa namba inaweza kubadilishwa kwa kupachika upya, bila kuzima mashine.

Ubora wa pili ni uaminifu. Matini haifichi hatari. Inaonya kuwa kuweka sifuri hakufungi mlango bali huufungua, kwa maana huondoa kikomo na kumwezesha yeyote mwenye ruhusa ya kuandika amalize kumbukumbu yote. Inaonya pia kuwa vipimo vikizidi uwezo, mashine inaweza kukwama.

Kasoro inaanzia kwenye jina. Fasili ya kigezo inasema wazi kuwa ni ukomo wa baiti zinazoweza kutumika, lakini kigezo chenyewe kinaitwa ukubwa. Anayeandika size=4G kwenye faili la /etc/fstab halioni neno "ukomo" popote; analiona jina. Naye amezoea diski, ambako sehemu ya gigabaiti 4 ni gigabaiti 4 zilizokatwa na kuwekwa kando. Katika tmpfs hakuna kilichokatwa. Mfumo ukiwa mtupu hauchukui karibu chochote. Hukua kwa kadiri ya faili zilizomo na hupungua zinapofutwa.

3.0 Umoja na wingi

Kasoro ya pili ni ya mpangilio. Nusu ya kumbukumbu ni kikomo cha kila tmpfs iliyopachikwa, ambayo hapa itaitwa kipachiko. Si kikomo cha vipachiko vyote kwa pamoja. Matini inakitaja kiwango hicho katika umoja na onyo katika wingi, na tofauti hiyo imebebwa na herufi moja ya Kiingereza mwishoni mwa neno. Msomaji aliyeikosa herufi hiyo ameikosa hesabu nzima.

Ichukuliwe mashine ya mfano yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na swapu ya gigabaiti 2. Vipachiko vitatu vilivyoachiwa chaguo-msingi vina kikomo cha gigabaiti 4 kila kimoja, jumla 12. Mashine yote ina 10. Programu zikihitaji 5 wakati wa kazi nyingi, zinabaki 5 za kugawana. Waswahili husema ahadi ni deni. Hapa zimeahidiwa gigabaiti 12 na mdaiwa ana 5 za kulipa. Hesabu inayofaa ni ya kinyumenyume: kumbukumbu na swapu zijumlishwe, mahitaji ya juu kabisa ya programu yatolewe, iachwe akiba, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa vipachiko vyote. Matini ina kila namba inayohitajika kwa hesabu hiyo, lakini haimwonyeshi msomaji kuwa inapaswa kufanywa.

4.0 Anayeumia

Huenda ikadaiwa kuwa maelezo ya marejeleo si kitabu cha kiada, na kwamba msimamizi mzoefu anajua kujumlisha. Utetezi huu una uzito, kwa kuwa vipachiko mara nyingi havijai, na nusu ni kiwango cha busara panapokuwa na kipachiko kimoja. Hata hivyo, hautoshi, kwa sababu makosa mawili yanayowezekana hayana madhara yanayolingana.

Kikomo kikiwa kidogo mno, programu inayoandika hujibiwa kuwa hakuna nafasi. Aliyezidisha ndiye anayeambiwa, na tiba ni amri moja ya kupachika upya. Kikomo kikiwa kikubwa mno, mwandikaji haambiwi lolote. Kumbukumbu inapokwisha, kerneli huchagua mchakato na kuuua; mara nyingi ni ule unaotumia kumbukumbu nyingi, kama vile hifadhidata, ambao huenda haukuandika faili hata moja kwenye /tmp. Faili zilizoijaza kumbukumbu si mali ya mchakato wowote, hivyo hubaki palepale baada ya kifo hicho, na kerneli hulazimika kuchagua mwingine. Asiyekosa ndiye anayeadhibiwa. Matini inalisema jambo hili katika sentensi moja ya onyo, mwishoni mwa maelezo ya kigezo, bila kulinganisha pande mbili. Ulinganisho huo ndio ungemsaidia msomaji kuamua.

5.0 Istilahi za Kiswahili

Mfasiri ana nafasi ambayo mwandishi wa asili hana. Jina la kigezo haliwezi kubadilishwa, kwa kuwa mashine hulisoma hivyo. Lakini maelezo yake yanaweza kuanza na "kikomo" badala ya "ukubwa". Neno hilo humwambia msomaji mahali pa kusimama, wala halimwahidi kilichotengwa. Vilevile upatanisho wa ngeli hubeba wingi katika sentensi nzima: "vipachiko vyote vikijumlishwa visizidi" hairuhusu kusomwa kwa umoja. Udhaifu wa Kiingereza uliotajwa hapo juu unatoweka bila maelezo ya ziada.

Neno "kumbukumbu" linahitaji tahadhari zaidi. Kwa msomaji wa kawaida, kumbukumbu ni kitu kilichowekwa kisipotee, kama kumbukumbu za kikao. Kumbukumbu ya kompyuta hutenda kinyume: umeme ukikatika, husahau yote, na faili za tmpfs huondoka nazo. Istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka na hakuna sababu ya kuiacha. Inatosha, inapotajwa mara ya kwanza, kuongezewa maneno "inayofutika mashine inapozimwa". Mtafiti aliyeweka data yake kwenye /tmp anastahili kuyasoma maneno hayo kabla ya umeme kukatika, si baada yake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa matini ya tmpfs ni fupi, sahihi na haifichi hatari, lakini imeuita ukomo kwa jina la ukubwa na kuiacha jumla ijitokeze yenyewe. Tafsiri inayofuata maneno yake moja kwa moja itakuwa sahihi kwa kiwango hichohicho na itapotosha kwa kiwango hichohicho. Tafsiri bora ni ile itakayoandika kikomo, itakayoweka hesabu ya vipachiko vyote kabla ya orodha ya vigezo, na itakayomweleza msimamizi nani ataumia endapo amekosea kwa kupunguza, na nani endapo amekosea kwa kuzidisha.