Ukumbusho: Thamani ya Sanaa kwa Mujibu wa Picha za Sebuleni za Lubumbashi

Kila aliyepata kufundisha au kufundishwa fasihi ya Kiswahili anaifahamu orodha ya dhima za sanaa: sanaa huelimisha, huburudisha, huonya, huadilisha, huhifadhi utamaduni. Orodha hii imo katika vitabu vya kiada, imo katika majibu ya mitihani, na kwa kiasi kikubwa imehamia katika maandiko ya sera za utamaduni. Haina uongo ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba kila kazi inayotajwa humo ina mtendaji mwingine anayeweza kuifanya, na pengine kwa ufanisi zaidi. Shule huelimisha. Mpira wa miguu huburudisha. Wazee na mahakama huonya, na hifadhi ya nyaraka huhifadhi. Mshauri wa sera anayekabidhiwa orodha hiyo wakati wa kugawa bajeti ana haki ya kuuliza ni kitu gani kitakachopungua katika maisha ya watu endapo sanaa itakosekana, na sisi wahakiki hatujampa jibu la kumtosheleza.

Tumewahi hata kuifanya orodha hiyo kuwa amri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilistawi nchini Tanzania zikiwa chombo cha kueneza siasa ya Ujamaa. Baadhi yake zilitungwa kwa ustadi ambao sikusudii kuubeza. Hata hivyo, utungo ambao swali lake linaulizwa ili jibu lililokwisha kupangwa litolewe hauna budi kuchakaa pale jibu hilo linapoacha kuaminiwa.

Makala haya yanadai kwamba jibu lenye uzito zaidi limekwisha kutolewa, tena kwa Kiswahili, ingawa si Kiswahili tulichozoea kukitafutia nadharia. Lilitolewa mjini Lubumbashi katika miaka ya 1970, na wachoraji pamoja na wanunuzi wa picha zao, kwa neno moja: ukumbusho.

Neno na matumizi yake

Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Élisabethville, ni mji wa shaba. Wafanyakazi wa mgodi na reli waliletwa kutoka sehemu nyingi, zikiwamo Kasai na nchi jirani, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya mtaani, na hatimaye ya nyumbani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia nyingi za wafanyakazi na makarani zilikuwa zimetundika sebuleni picha za kuchorwa kwa mkono. Wachoraji walizichora aghalabu juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na wengine walizitembeza nyumba kwa nyumba. Mada zilikuwa chache: kijiji cha mababu, Waarabu na watumwa, Koloni la Kibelgiji, Lumumba, vita vya Katanga, na yule mwanamke nusu samaki aitwaye mamba muntu. Mada ile ile ilichorwa mara nyingi, na mnunuzi hakuona kasoro katika kurudiwa huko. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioandika juu ya picha hizi mwaka 1976, walibaini kwamba sifa kuu ambayo picha ilitakiwa kuwa nayo ni ukumbusho.

Kisarufi, neno hilo halina ugeni. Kumbuka hunyambuliwa katika kauli ya kutendesha likawa kumbusha, na nomino ukumbusho ikatokana nalo. Tofauti yake na kumbukumbu ndiyo inayotuhusu. Kumbukumbu ni kilichohifadhiwa. Huwekwa katika jalada na hubaki kumbukumbu hata kama hakuna alifunguaye. Ukumbusho ni tendo la kumfanya mtu akumbuke, na asipokuwapo wa kukumbushwa, tendo halikutendeka. Kiswahili sanifu kimelibana neno hili likabaki kwenye minara na maadhimisho. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ukumbusho kwa maana hiyo finyu: serikali ya kikoloni ilikwisha kuamua nini kikumbukwe, na mpita njia alitakiwa atazame tu. Sebuleni Lubumbashi utaratibu ulikuwa kinyume chake. Picha ilingoja kuelezwa. Mgeni aliuliza, mwenyeji akasimulia, na kilichosimuliwa kiliweza kuvuka mbali kile kilichochorwa.

Mkono ulioshika kiboko

Tuchukue mada ya Koloni la Kibelgiji. Katika matoleo mengi tunaona ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, ofisa wa Kizungu amesimama akitazama, na bendera ya Ubelgiji iko juu yao. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye ndiye mchoraji anayefahamika zaidi katika kundi hili, aliandika juu ya picha zake za aina hiyo maneno ya Kifaransa yenye maana ya Koloni la Kibelgiji, yakifuatwa na miaka 1885–1959.

Mwanafunzi wa historia atasema miaka hiyo ina makosa mawili. Kuanzia mwaka 1885 Kongo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II. Ilifanywa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, na uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Mimi nayasoma makosa hayo kama hoja. Kwa mtu aliyelala kifudifudi, makabidhiano ya mwaka 1908 hayakumwondoa mwenye kiboko. Na mwaka 1959 ulianza kwa ghasia za Januari mjini Léopoldville, zilizoonyesha kwamba utawala ule haungedumu. Kilichofuata hadi Juni 1960 kilikuwa mazungumzo ya namna ya kuondoka. Mchoraji ameupima ukoloni kwa urefu wa mateso na woga, akaziacha hati za makabidhiano kwa wenye kuzihitaji. Sijui ni sura ngapi za vitabu vyetu vya historia zinazofanya hivyo kwa mistari miwili ya rangi.

Lakini picha hii haimwachi mtazamaji Mwafrika astarehe katika haki yake. Mkono ulioshika kiboko ni mweusi. Katika mji uliojaa familia za waliokuwa askari, makarani na wanyapara, mwenyeji anayeieleza picha kwa mgeni hana budi kuufikia mkono huo, na atakaposema ni wa nani atakuwa amesema jambo kuhusu ukoo wake au wa jirani. Hapa ndipo orodha yetu ya dhima inapofikia kikomo. Picha haijamwonya mtu wala haijamwadilisha. Imemlazimu azungumze.

Maiti isiyo na kaburi

Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na miili yao iliharibiwa makusudi ili lisipatikane kaburi. Tshibumba aliichora maiti yake ikiwa chini, misalaba mitatu ikiwa nyuma, na damu ikichirizika ardhini ikiandika neno umoja kwa Kifaransa. Ulinganisho na Golgotha hauhitaji mhakiki wa kuufafanua. Ninaloona limepita bila kuzingatiwa vya kutosha ni kazi ya picha hiyo mahali pa kaburi. Watu wetu wengi hawawezi kumaliza msiba wa mtu asiyezikwa. Matanga yanaweza kuanuliwa, lakini jambo linabaki wazi. Ubelgiji ilikabidhi jino moja la Lumumba mwezi Juni mwaka 2022, miaka 61 baada ya mauaji, na ndipo yakafanyika mazishi mjini Kinshasa. Katika sehemu ya muda huo, nyumba iliyokuwa na picha ile ilikuwa na mahali pa kuelekeza macho. Hakuna mahakama iliyokuwa imewapa mahali hapo, wala shule.

Tusisahau pia kwamba picha hizo zilitundikwa katika mji uliokuwa makao ya serikali ya kujitenga ya Moïse Tshombe. Walioziona sebuleni kwa jirani hawakuwa wote upande wa marehemu.

Msomaji makini atapinga: ikiwa ukumbusho ni kuyarejesha yaliyotukia, mamba muntu anaingiaje? Yeye si tukio. Ni kiumbe wa majini anayempa mtu utajiri kwa masharti, na gharama huweza kuwa uhai wa ndugu. Pingamizi hili ni zito, na ndilo linalotuzuia tusiifanye nadharia ya Lubumbashi kuwa tawi la somo la historia. Mamba muntu alikumbusha namna fedha inavyoingia na inachokichukua. Katika mji ambao mali yote ilitoka chini ya ardhi, ikapitia mikononi mwa kampuni, na kumfikia mfanyakazi kama mshahara, simulizi ya mali inayotoka penye kina na kudai mtu haikuwa hekaya ya kupumbaza watoto. Nakiri kwamba usomaji huu ni wangu, na wapo watakaoona nimemtwisha nguva mzigo wa mgodi.

Kutoka sebuleni hadi makumbusho

Kati ya mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yake, na wawili hao wakazizungumzia kwa Kiswahili cha mji huo. Tshibumba alijitambulisha kuwa mwanahistoria na akataka achukuliwe hivyo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitolewa mwaka 1996 kwa Kiingereza, na picha zenyewe zilipata makao Amsterdam. Habari za mchoraji zilipotea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na soko la picha za sebuleni lilikuwa limekwisha dhoofika pamoja na uchumi wa shaba.

Bila mgeni huyo, huenda tusingekuwa na mfululizo wenyewe, na heshima aliyompa Tshibumba kama mwenzake wa fikra inastahili kutajwa. Pamoja na hayo, tukiupima mfululizo huo kwa kipimo cha wenyewe, tunakuta kwamba haukupata kutundikwa katika nyumba ambazo ungeelezwa kwa wageni na kusikilizwa na watoto. Kiswahili kinaita jengo la namna ile makumbusho, kutokana na kitenzi kile kile. Linamkumbusha nani? Mkazi wa Amsterdam hana mjomba aliyeshika kiboko, na mwenye mjomba huyo hana nauli. Kwa hukumu yangu, picha hizo zimekuwa kumbukumbu nzuri sana.

Jambo hili lina sura ya kisera. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo vikao vingi kuhusu Kiswahili cha huko vimetawaliwa na swali la nini tuwapelekee: walimu, kamusi, usanifu. Nadra kuulizwa nini tuchukue kutoka kwao. Tuliosoma nadharia ya sanaa kutoka Ulaya na kuipa visawe vya Kiswahili tunaweza kuona tabu kukubali kwamba istilahi ya uhakiki iliyokomaa ilitoka kwa wanunuzi wa picha waliosema lahaja ambayo tumekuwa tukiisahihisha.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa vyuo vyetu, hatua ya kwanza haina gharama ya kutisha: toleo la Kiswahili la mazungumzo yale, picha zikiwa kando yake, kwa bei ambayo mwalimu wa Lubumbashi, Kigoma au Bujumbura ataimudu, na nakala kubwa za picha zinazoweza kutundikwa ukutani. Unukuzi wa Kiswahili uliotokana na utafiti wa Fabian umewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo kazi haianzi patupu. Mgogoro utazuka pale mhariri atakapokutana na upatanisho wa kisarufi wa Lubumbashi, maneno ya Kifaransa yaliyovaa viambishi vya Kiswahili, na matamshi yasiyo ya Unguja. Ataishika kalamu nyekundu. Maelezo ya maneno magumu chini ya ukurasa yanatosha. Mwili wa mazungumzo uachwe kama Tshibumba alivyousema.