Nani Alikichonga?

Sanaa ya Leparua haitundikwi ukutani. Mwanamke wa Kisamburu huivaa shingoni, mzee wa Kiturkana hutembea nayo mkononi, mama wa Kiborana huhifadhi maziwa ndani yake. Katika eneo hili la Kaunti ya Isiolo, jirani na Lewa, Wasamburu, Waturkana, Waborana, Wamaasai na Wandorobo ni majirani wa malisho na wa maji. Mfugaji huhama, na alicho nacho lazima kihame naye. Basi anayetafiti historia ya sanaa ya huku hutafiti vitu vilivyo kazini, mikononi mwa wenyewe. Namheshimu mtu huyu kwa sababu anauliza swali ambalo wengi waliotangulia hawakuliuliza: nani alikichonga?

Chukua ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Kikifika kwenye kabati la vioo la makumbusho, mara nyingi huandikiwa jina la kabila na jina la kitu, basi. Hakuna jina la fundi, wala mti aliouchagua, wala aliyekirithi. Kabila zima hugeuzwa kuwa mchongaji mmoja. Ilhali kigoda kilitoka kwenye mkono wa mtu, na majirani zake waliweza kuutambua mkono huo kwa jinsi ulivyokata miguu na kulainisha kikalio.

Isiolo ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson, aliyekuwa akiishi Isiolo na mumewe George, kazi ya kuwachora watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake cha The Peoples of Kenya. Picha zile ni hazina, na leo nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Lakini brashi hushika kilichovaliwa siku ile tu. Nani alizitunga shanga, zilitoka kwa nani, mwenyewe alipewa lini na kwa sababu gani: hayo hayachoreki. Hapo ndipo kazi ya mtafiti inapoanzia.

Kazi hiyo ina ufundi wake, na ufundi wake mkubwa ni wa kuhesabu wakati. Mpe bibi wa Kisamburu mkufu wa mporro, zile shanga nyekundu za kioo ambazo huvaliwa na wanawake walioolewa, umuulize ni wa mwaka gani. Hatakutajia mwaka. Atakuambia ni wa mama yake, na kwamba mama yake aliolewa na mtu wa rika la Lkimaniki. Mtafiti asiyejua atakimbilia kuandika 1948, mwaka ambao rika hilo lilianza kutahiriwa. Anayejua atakumbuka kwamba morani haoi mpaka ukaribie wakati wa rika lake kuuacha umorani, hivyo harusi ile ilikuja miaka kumi hivi baadaye au zaidi. Jibu moja la bibi limempa kipindi, rika la mume na ndoa.

Akivuka kwa jirani, hesabu inabadilika. Waborana wana gada, inayopokezana uongozi kila baada ya miaka minane. Waturkana humweka kila mwanamume upande usio wa baba yake: baba akiwa wa Ngimor, yaani Mawe, mwana ni wa Ngirisai, yaani Chui. Na juu ya hesabu zote kuna majeraha ambayo wote wanayakumbuka. Waborana wa Isiolo huuita wakati wa vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967, Gaaf Daaba. Watu walifungiwa kambini na mifugo ikateketea. Gorfa, chombo cha maziwa ambacho wanawake wa Kiborana hukisuka kwa nyuzi hadi kisivuje, kikiwa kimevuka wakati ule, kina historia kubwa kuliko umbo lake. Kumuuliza mwenyewe kilivukaje kunahitaji adabu, kwa maana jibu laweza kuanza na orodha ya waliokufa.

Zamani walikuwapo wanahistoria walioamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliwajibu kwa kazi: kitabu chake cha historia ya Waluo wa Kusini, kilichotoka mwaka 1967, kilisimama juu ya masimulizi ya wazee. Hakuyapokea masimulizi kama yalivyokuja, aliyalinganisha ukoo kwa ukoo. Mtafiti wa Leparua ana bahati ya kuwa na majirani wa lugha mbalimbali ambao waliuona ukame uleule na vita vilevile. Msamburu akisema hivi, Mborana husaidia kupima. Zaidi ya hayo, kitu chenyewe nacho hutoa ushahidi. Kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu miaka mingi huwa na harufu na weusi ambao kibuyu cha kuuziwa watalii hakina. Ufa ulioshonwa kwa ukanda wa ngozi huonyesha kwamba mwenyewe alikithamini kuliko bei ya kununua kingine.

Sifa zote hizi zina sharti moja. Mtafiti anayeondoka na picha, kanda na majina, asirudi, amekuwa mkusanyaji mwingine tu. Maandishi kuhusu kigoda cha mzee wa Leparua yakisomwa Nairobi na London peke yake, kazi imefika nusu. Mjukuu wa mchongaji ana haki ya kuyasoma kabla ya wote, na ana haki ya kuyasahihisha.