Kimya cha Jocasta

Anayedhani taharuki ni kumficha mtazamaji jambo hajamsoma Sophocles. Watu wa Athens, waliokaa kwenye mteremko wa Acropolis katika uwanja wa maigizo wa Dionysus, walikijua kisa cha Oedipus hata kabla mwigizaji wa kwanza hajafungua kinywa: kamuua baba yake, kamwoa mama yake. Siri haikuwapo. Hata hivyo tanzia hii ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ambayo Samuel Mushi alitutafsiria mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode, ina onyesho moja linalomkaba mtazamaji koo. Na linamkaba kwa habari njema.

Jocasta, malkia wa Thebes, anatoka na ubani kumwomba Apollo ampunguzie mumewe, Oedipus, hofu. Mara anaingia mzee mgeni kutoka Corinth, utadhani dua imejibiwa papo hapo. Mfalme Polybus amefariki, asema, na Oedipus anatakiwa akatawale. Oedipus, aliyetabiriwa kumuua baba yake, anashusha pumzi. Baba kafa kwa uzee. Limebaki la mama. Mzee, kwa wema wake (na kwa kutumaini bakshishi, hafichi), anataka kumtua na mzigo huo pia: Polybus na Merope si wazazi wako. Mimi ndiye niliyekupokea ukiwa mchanga mlimani Cithaeron, vifundo vya miguu vimetobolewa, mikononi mwa mchungaji wa Laius, mume wa kwanza wa malkia.

Aristotle alilisifu onyesho hili kwa sababu mjumbe anakuja kuondoa hofu na kuleta kinyume chake. Ni kweli, lakini mimi jicho langu liko kwa Jocasta. Mapema yeye mwenyewe alisimulia jinsi Laius alivyomfunga mwanawe vifundo na kuagiza atupwe mlimani. Sasa wanaume wawili wanajibizana mbele yake, swali kwa jibu, mstari kwa mstari, na yeye hasemi neno. Sophocles hakumwandikia hata mguno. Waigizaji walivaa barakoa, kwa hiyo hata uso haukuweza kubadilika. Kilichobaki ni mwili uliosimama, na sisi tunaoacha kuwasikiliza wasemaji tukamwangalia asiyesema. Aristotle anaeleza kwamba Sophocles ndiye aliyeongeza mwigizaji wa tatu jukwaani. Hapa tunaona alimtakia nini. Wawili wakizungumza, wa tatu anapata nafasi ya kujua kabla yao.

Tena mtunzi huyu ni bahili. Mchungaji aliyemtoa mtoto ndiye yule yule aliyenusurika Laius alipouawa njia panda, na Oedipus amekwisha agiza aitwe kwa sababu hiyo ya pili. Mtu mmoja, mashtaka mawili, na yuko njiani anakuja.

Oedipus anauliza mchungaji huyo ni nani. Wazee waimbaji wanamwelekeza kwa malkia. Hapo ndipo Jocasta anasema, na anachosema ni kusihi tu: acha, usitafute zaidi. Mume anadhani mkewe anaona haya kuolewa na mtoto wa watumwa! Jocasta anaingia ndani, hatutamwona tena akiwa hai. Halafu, badala ya kilio, wazee wanaimba kwa furaha wakikisia kwamba pengine mfalme wao ni mtoto wa mungu. Mwongozaji atakayeukata wimbo huo ili kuokoa dakika ameliua onyesho zima, maana hapo ndipo mtazamaji, akijua peke yake kilichoko nyuma ya mlango, anateseka kuliko mahali pengine popote.

Yasemwa tangu kale kwamba tanzia hii ilipoonyeshwa mashindanoni, Sophocles alipata nafasi ya pili. Aliyemshinda ni Philocles, mpwa wa Aeschylus. Hakuna tamthilia ya Philocles hata moja iliyobaki nzima.