Kufiwa na Kupotelewa: Mama na Binti katika Riwaya ya Paulina Chiziane Isomwapo kutoka Macaloe

Riwaya ya O Alegre Canto da Perdiz ya Paulina Chiziane, iliyochapishwa mwaka 2008, huhakikiwa zaidi kama istiari ya taifa: mwili wa mwanamke mweusi ndio Msumbiji, na mzungu auingiaye ndiye mkoloni. Usomaji huo una mashiko, na mwandishi mwenyewe ameuwekea alama za kutosha. Kasoro yake ni kwamba Delfina anageuzwa ishara kabla hajawa mama, na Maria das Dores anakuwa jeraha la nchi kabla hajawa binti wa mtu. Makala haya yanaanzia nyumbani, palipo na ugomvi wa wawili hao.

Chanzo cha ugomvi ni biashara. Serafina alimsukuma bintiye Delfina kwa wazungu, akiamini ngozi nyeupe ndiyo njia pekee ya kutoka katika ufukara wa Zambézia ya kikoloni. Delfina aliolewa na José dos Montes kwa mapenzi, akamchochea kujiunga na utumishi wa mkoloni, kisha akamwacha kwa ajili ya Soares. Soares alipoondoka, Delfina alimkabidhi Maria das Dores, binti aliyezaa na José, kwa mganga Simba, ili uganga umrejeshee mali na mume. Hivyo mama alimtendea binti lile alilotendewa na mama yake. Chiziane hamtetei Delfina, wala hamlaani. Anaonyesha hesabu aliyoipiga, na hesabu hiyo, kwa vigezo vya utawala uliopima watu kwa rangi, haikuwa ya kipumbavu. Hapo ndipo riwaya inapouma zaidi.

Maria das Dores anamtoroka Simba pamoja na watoto wake watatu, na huko milimani Namuli wanatengana. Anaonekana baadaye akiwa uchi kando ya mto Licungo, wanawake wa kijiji wakimpigia kelele kama mwendawazimu. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa kumsoma: kufiwa na kupotelewa. Vyote viwili vimenyambuliwa kwa namna moja, na katika vyote aliyepatwa na jambo ndiye kiima. Lakini aliyefiwa ana matanga, khitma, majirani wa kukaa naye mkekani. Aliyepotelewa hana kitu. Hata sala ya ghaibu husaliwa mtu ambaye kifo chake kimejulikana. Uchi wa Maria mtoni, basi, unaweza kusomwa kama msiba ulionyimwa vazi lake: hakuna desturi inayomwambia mama wa waliopotea avae nini, akae wapi, anyamaze lini.

Usomaji huu una uzito wake Macaloe, mojawapo ya visiwa vya Quirimbas. Pwani hiyo ilipigwa na kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019, wakati vita vilivyoanza kwa shambulio la Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vikiendelea. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walihama makwao, wengine kwa mashua, na familia zikatawanyika. Si haki kuifanya riwaya ya Zambézia kuwa taarifa ya Cabo Delgado. Hata hivyo, mshauri wa sera anayepanga huduma kwa waliohama atajifunza humo jambo ambalo orodha za misaada hazina mahali pa kuliandika: mama na binti wanaweza kukutana tena wakiwa hai na bado kila mmoja awe na deni kwa mwenzake.

Kwa sababu hiyo mwisho wa riwaya hauridhishi. Waliotengana wanakutana, Delfina anatubu, na lugha inapanda ghafla hadi kwenye hotuba kuhusu taifa jipya la rangi zote. Msamaha wa Maria unatolewa na msimulizi kuliko unavyotolewa na Maria. Baada ya sura nyingi za hesabu kali, deni linafutwa bila mdai kuulizwa.

Suala la tafsiri limebaki. SADC iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Chiziane alipata Tuzo ya Camões mwaka 2021. Sababu za kumfasiri zipo. Ugumu unaanza na jina lenyewe. Das Dores ni Bikira Maria wa Mateso, mama anayemlilia mwana. Msomaji Mwislamu wa visiwani hatasikia mwangwi huo, na kulifasiri kuwa Maria wa Huzuni kutaupoteza kwa Mkatoliki pia. Ni afadhali jina liachwe na maana yake ielezwe ndani ya masimulizi. Gumu zaidi ni kwamba lugha ya Macaloe ni Kimwani, jamaa wa Kiswahili lakini si lahaja ya kumezwa nacho. Tafsiri ya Kiswahili Sanifu itafika Mtwara na Zanzibar kwa urahisi kuliko itakavyofika kwa mwanamke wa kisiwani aliyepotelewa, ambaye huenda akahitaji Kimwani, tena cha kusikiliza redioni.